Anga Badilisha, Uso wa Shosho Wacha

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio tusipotezeane wakati. Sina shida na mtu kubadilisha anga kwenye picha. Sina shida pia na mtu kunoa picha iliyotoka na ukungu. Shida yangu ni kwamba tumeanza kutumia hizi programu kwa kila picha kwa mkono uleule, kana kwamba picha ya kupendezesha Instagram, picha ya ploti inayouzwa na picha ya marehemu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, wasee. Na tusipotofautisha, kuna watu wanaumia.

Kwa wale hawajui tunaongelea nini: zamani ukitaka kutoa anga la kijivu uweke la buluu, ulikaa chini saa nzima ukikata ukingo wa nywele na majani ya mti, moja moja. Halafu 2019 Luminar 4 ikatoka na kitufe cha kubadilisha anga chenyewe. Oktoba 2020 Photoshop nayo ikaweka chake. Programu inatambua anga liko wapi, inalifuta, inaweka lingine, na inapaka rangi kidogo kwa ardhi na watu ndio vifanane. Sekunde chache tu. Upande wa kunoa, Topaz na wenzake wanachukua picha iliyotikisika wanaitoa kali. Na kwa simu, Remini inakufanyia uso ukiwa kwa matatu.

Kwa hivyo kile kilikuwa kazi ya fundi sasa ni kazi ya kidole. Hapo ndipo mambo yalianza kuingiliana.

Kwanza, tuwatetee wanaobadilisha anga

Mtu yeyote amepiga harusi Nairobi mwezi wa saba anajua mateso. Kuanzia Juni hadi Agosti anga letu ni kama sufuria ya alumini imefunikwa juu ya mji. Bibi harusi amelipa gauni, amelipa magari, amelipa bustani Karen au Limuru, na nyuma yake kuna kitu cheupe hakina mbele wala nyuma. Kamera nayo ina udhaifu wake: ukiipimia uso wa mtu mweusi vizuri, anga linaungua linakuwa karatasi. Ukilipimia anga, uso unakuwa kivuli. Jicho lako pale uliposimama liliona vyote viwili. Kamera imeshindwa.

Tena hii kitu haijaanza na kompyuta. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari, na shida yake ilikuwa hiyohiyo yetu. Kemikali za wakati huo zilishika mwanga wa buluu kupita kiasi, kwa hivyo anga lilitoka jeupe pe. Alichofanya? Alipiga bahari kwa kioo kimoja, mawingu kwa kioo kingine, akaviunganisha pale kwenye upeo wa macho wakati wa kuchapisha. Watu wakashangaa, picha zikauzwa sana. Zaidi ya miaka 160 iliyopita, bana. Kwa hivyo mtu asikuje kutuambia ati kubadilisha anga ni uvivu wa kizazi chetu.

Na hapa nyumbani tuna yetu. Miaka ya 1990 pale kivuko cha Likoni, Mombasa, kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vilivyopambwa kwa mapazia na michoro: meli, ndege, majengo marefu. Mtu ametoka bara kutafuta kazi Pwani, anasimama mbele ya ile meli, anapigwa, anatuma picha nyumbani. Huo ulikuwa ubadilishaji wa anga wa mkono, na ulikuwa mtamu.

Lakini angalia kitu kimoja kuhusu Likoni. Kila mtu alijua ni pazia. Aliyepigwa alijua, aliyepiga alijua, na mama aliyepokea ile bahasha kijijini alijua. Mchoro haukujificha. Ulikuwa ndoto, na wote mlikubaliana ni ndoto. Hiyo makubaliano ndiyo imepotea kwa picha zetu za leo.

Anga moja, harusi kumi

Kabla niende kwa uzito, niongee na mafundi wenzangu kuhusu uchafu wa kazi, kwa sababu hata ukiwa na haki ya kubadilisha anga, wengi tunalibadilisha vibaya.

Manze, kuna wingu moja la machweo linakuja na programu, lenye rangi ya chungwa na waridi. Hilo wingu limehudhuria harusi Nakuru, ruracio Murang'a, mahafali Kisumu na ubatizo Machakos. Linapaswa kulipwa nauli. Ukitumia mawingu ya dukani bila kuyabadilisha, ujue mwenzako ameyatumia jana. Suluhisho ni rahisi na ni bure: kila ukiona anga zuri, lipige. Tengeneza maktaba yako ya anga za Kenya, asubuhi, mchana na jioni.

Halafu kuna kivuli. Sisi tunaishi karibu na ikweta. Nairobi, mwezi wa tatu na wa tisa, jua la saa sita linasimama juu ya utosi na kivuli kinajificha chini ya viatu. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Sasa wewe umepiga mtu saa saba mchana, ana vivuli vizito chini ya nyusi na pua, halafu nyuma yake unaweka jua linalozama. Jua lipi hilo linazama nyuma na linachoma juu ya kichwa? Mtazamaji anaweza asijue kueleza, lakini jicho lake linakataa. Anasema tu, "hii picha iko na kitu."

Angalia pia vitu vinavyoakisi: kioo cha gari, miwani, dimbwi la maji, bahari yenyewe. Kama anga ni jekundu na maji ni ya kijivu, umejishtaki. Na kingo za nywele, haswa afro na rasta, programu nyingi bado zinaacha ule mstari mweupe kama mtu amekatwa kwa makasi. Kuza picha, angalia, rekebisha kwa mkono. Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na kidole.

Tena kuna siri ambayo hatuambiani: lile anga la kijivu la Julai ni zawadi. Ni taa kubwa laini inayofunika mji mzima bure. Ngozi nyeusi inapendeza ajabu chini ya mwanga huo, hakuna kukunja uso, hakuna jasho linalong'aa. Shusha fremu, acha anga nje, tafuta ukuta wa rangi, kitenge, leso, mlango wa mabati uliopakwa rangi. Nusu ya anga tunazobadilisha hazikuwa na haja ya kuwa kwenye picha kabisa.

Pale anga linageuka kuwa uongo

Sasa tuingie kwa yenyewe. Picha ikiacha kuwa ndoto ikawa ushahidi, sheria zinabadilika.

Chukua picha za ploti na nyumba za kukodisha. Umeona tangazo la shamba nje ya Nairobi: anga la buluu kama Zanzibar, nyasi kijani, milima kwa mbali. Mnunuzi yuko Doha anafanya kazi ya ulinzi, hawezi kuja kuangalia. Anatuma pesa ya miaka mitatu. Akifika anakuta udongo mweusi wa kushika matope na vumbi la machimbo ya mawe upande wa pili. Fundi wa picha atasema, "mimi nilibadilisha anga tu, shamba sikuligusa." Si kweli, buda. Ukiondoa vumbi hewani umeondoa habari. Ukiondoa mawingu ya mvua umeondoa swali ambalo mnunuzi angeuliza: hapa maji yanaenda wapi mvua ikinyesha? Baada ya mafuriko tuliyoona Nairobi Aprili na Mei 2024, hilo swali si la mchezo. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Sijui kwa nini tunafikiri picha si maelezo.

Kwa habari ndiyo usiseme. Agosti 2006 shirika la Reuters liliondoa picha ya Beirut baada ya kugundulika kwamba mpiga picha wa kujitegemea alikuwa ameongeza moshi angani kwa kompyuta ili shambulio lionekane kubwa zaidi. Walikata uhusiano naye na wakaondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yao. Shambulio lilikuwa la kweli, moshi ulikuwa wa kweli, yeye aliongeza tu kidogo. Hicho kidogo kiliangusha picha 920, hata zile safi, kwa sababu hakuna mtu angeweza kuziamini tena. Na mashindano ya World Press Photo ya 2015 yalitupa nje asilimia 20 ya picha zilizokaribia fainali kwa kuhaririwa kupita kiasi. Hao ni mabingwa wa dunia, na walijua sheria.

Wewe unaweza kusema, mimi si Reuters. Lakini siku maandamano yanapita mtaani kwako, au mto unapasua kingo, simu yako ndiyo ofisi ya habari. Ukiwa na mazoea ya kupitisha kila picha kwa programu kabla ya kuituma, siku hiyo pia utaipitisha.

Kunoa ni hatari kuliko anga

Watu wengi wanaona kubadilisha anga ndio dhambi kubwa na kunoa ni usafi tu. Mimi naona kinyume. Anga jipya linaonekana. Uso mpya hauonekani.

Elewa kwanza kwamba kuna kunoa kwa aina tatu. Aina ya kwanza ni ya zamani: programu inaongeza tofauti ya giza na mwanga kwenye kingo za vitu. Haibuni chochote, inakazia kilichoko. Ukizidisha unaona mistari myeupe pembeni, lakini uongo hakuna.

Aina ya pili ni hesabu ya kurudi nyuma. Ukijua lenzi iliharibu picha namna gani, unaweza kuhesabu kinyume na kurudisha sehemu ya kilichopotea. Darubini ya Hubble iliporushwa angani Aprili 1990, kioo chake kilikuwa kimesuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Picha zikatoka na ukungu. Kwa sababu wataalamu walijua kosa lenyewe lina umbo gani, waliweza kunoa baadhi ya zile picha kwa kompyuta na kufanya sayansi nazo hadi wanaanga walipoenda kuirekebisha Desemba 1993. Huko ni kuokoa picha kwa maana halisi.

Aina ya tatu ndiyo iko kwa simu yako. Hii haihesabu, inakisia. Imefundishwa na picha nyingi mno, kwa hivyo ikiona ukungu inajiuliza: kwa kawaida mahali kama hapa huwa na nini? Halafu inachora hicho. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi mpaka mashimo yake yote yakapotea, akaiweka kwa skrini, akazima taa, akaipiga kwa simu ya Samsung Galaxy. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo ambayo hayakuwa kwenye ile skrini. Samsung wenyewe wakaeleza kwamba simu zao hutambua mwezi na kuongeza undani kwa akili bandia.

Kwa mwezi hatuna hasara kubwa, maana mwezi ni mmoja na sura yake inajulikana. Lakini uso wa mtu? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu inayoitwa PULSE, inayochukua uso wa vipikseli vichache na kuupanua mpaka mara 64. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa. Ikatoa uso wa mzungu. Yaani mtu anayejulikana dunia nzima, mwenye baba wa Kogelo, akatoka mzungu, kwa sababu mashine ilijaza pengo kwa nyuso ilizozoea kuziona.

Sasa leta hiyo mambo kwa matanga yetu.

Unajua inavyoenda. Shosho amefariki kijijini. Hakupenda kupigwa picha. Picha iliyoko ni ya Desemba fulani, familia nzima imesimama mbele ya nyumba, yeye ako nyuma, nusu kivulini, uso wake ni mdogo kama punje ya mahindi. Kamati inataka picha ya kuweka kwa programu ya mazishi na ile kubwa ya fremu inayobebwa mbele ya jeneza. Mjukuu anakata, anapitisha kwa programu ya kunoa. Sekunde tano. Shosho anatoka ana macho angavu, nyusi zimechongwa, meno yamepangwa, ngozi kama ya tangazo la losheni. Kila mtu anasema wow.

Nimeketi kwa mazishi kama hayo. Picha ilipopita mbele, mzee mmoja aliinama akamuuliza jirani yake polepole, "Huyu ni nani?" Alikuwa ndugu yake marehemu. Walilala kitanda kimoja wakiwa watoto.

Ile pengo kidogo kwa meno, jicho moja lililokuwa dogo kuliko lingine, kovu la paji la uso ambalo kila mtu alijua hadithi yake: mashine ilidhani ni kasoro za picha. Zilikuwa ni yeye. Na ubaya zaidi, ile picha ndiyo itatundikwa sebuleni. Miaka 20 ijayo, watoto ambao hawakumwona watajua uso huo tu. Ile ya asili itakuwa imepotea na simu iliyoibiwa. Tutakuwa tumezika mtu mara mbili, mara ya pili kwa kumpa uso wa mtu asiyekuwepo duniani.

"Lakini mteja ndiye anataka"

Najua mtaniambia hivyo. Mteja ndiye analipa, mteja anataka anga la buluu na ngozi laini, na wewe una kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Nawaelewa kabisa. Lakini mteja wa harusi ni sawa, hiyo ni siku yake na ni ndoto yake, mpe machweo hata mawili. Yeye anajua mvua ilinyesha. Mteja wa ploti hanunui picha ya kujifurahisha, anaitumia kumwambia mtu mwingine kitu. Na shosho si mteja, hawezi kukuambia "hapana, hiyo pua si yangu."

Wengine watasema kila picha ni uongo, hata kuchagua lenzi ni kuhariri. Sawa, lakini hiyo ni kama kusema kila mtu hupika chakula kwa hivyo hakuna tofauti ya chumvi na sumu. Kuongeza mwanga, kunyoosha upeo uliopinda, kutoa vumbi la lenzi: hapo unasaidia picha iseme kilichokuwepo. Kuweka kisichokuwepo na kunyamaza ni kitu kingine.

Mimi najiuliza maswali matatu kabla ya kugusa kitufe. Je, kuna mtu atafanya uamuzi kwa kuamini hii picha, wa pesa, wa kura, wa usalama? Je, huyu aliye kwenye picha anaweza kukataa nilichomfanyia? Je, nikiambiwa niseme hadharani nilichobadilisha, nitaona haya? Jibu likinisumbua, naacha, au naandika chini ya picha: anga limebadilishwa. Maneno mawili tu. Hayajawahi kuua laiki.

Na kwa hayo mambo ya kumbukumbu za familia, hizi ndizo sheria zangu. Usifute ya asili hata kama ni mbovu, ihifadhi mahali pawili. Ukinoa, acha programu ipunguze chembechembe na ikaze kingo, lakini zima ile sehemu ya kurejesha nyuso. Mwonyeshe mtu aliyemjua marehemu kabla ya kuchapisha, si baada. Na kama uso hautoki, chapisha ndogo. Picha ndogo yenye ukungu iliyo ya kweli inashinda bango kubwa la mgeni.

Bora zaidi, tusifike huko. Mtu akikimbia, pandisha spidi ya shata hadi 1/500 na zaidi. Gizani usiogope kupandisha ISO, maana chembechembe zinaweza kutolewa lakini picha iliyotikisika haitulii. Piga kwa RAW kama simu au kamera yako inaruhusu, na linda sehemu zenye mwanga mkali, kwa sababu kivuli kinaweza kufufuliwa ila kilichoungua kimeungua. Na Desemba hii ukienda ocha, kabla ya kupiga mbuzi na kupiga selfi na binamu, mtoe shosho nje, mketishe karibu na mlango pale mwanga ni laini, futa lenzi kwa shati, na mpige picha tano nzuri. Kovu likiwepo, pengo likiwepo. Anga la nyuma likikuudhi, badilisha. Yeye mwache alivyo.